Kioo Hakinakiliwi kwa Macho

Mmeisikia hoja ya mpinzani wangu: kwamba madirisha ya vioo vya rangi yaliyorudi makanisani Uingereza enzi ya Malkia Victoria yalikuwa nakala, kazi ya kiwanda na pambo la mkoloni, na kwamba sisi Wapangwa wa Mlangali hatuna haja nayo. Nimeifuatilia neno kwa neno. Ipimeni pamoja nami.

Anasema kwanza mafundi wa enzi hiyo walinakili Zama za Kati. Kweli, mafundi wengi waliiga mikao na mavazi ya watakatifu wa kale, hilo simkatalii. Lakini walinakili kwa kioo kipi? Katika karne ya 18 mafundi walizoea kupaka rangi juu ya kioo cheupe, kama mtu achoraye kwenye turubai, na mwanga ukapenya kwa shida. Kioo cha kale kilitiwa rangi kikiwa kimeyeyuka tanuruni, na ufundi wa kukipata kwa ubora ule ulikuwa umepotea. Ndipo wakili Charles Winston, aliyechapisha uchunguzi wake mwaka 1847, akafanya vipande vya kale vipimwe na mkemia, na kiwanda cha James Powell cha Whitefriars, London, kikatengeneza upya kioo cha namna ile. Anayenakili tu hahitaji mkemia. Tena kampuni ya William Morris, iliyoanzishwa 1861, ilipompa Edward Burne-Jones kazi ya kuchora, zilitoka sura zake mwenyewe, si za karne ya 13.

Pili, kiwanda: mmoja anachora, mwingine anakata, wa tatu anaunga kwa risasi, basi si sanaa. Karakana za Zama za Kati, anazozisifu yeye mwenyewe, nazo ziligawana kazi. Hoja hii ikisimama, madirisha ya Zama za Kati ya Kanisa Kuu la Chartres, Ufaransa, yanaanguka nayo.

Ya tatu ndiyo nzito. Anasema vioo hivyo ni pambo tupu. Dakika chache baadaye anasema vilihubiri ukoloni. Pambo tupu halihubiri. Achague moja. Mimi nashika la pili. Kanisa Kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, liliwekewa jiwe la msingi mwaka 1873 penye soko la watumwa lililofungwa mwaka huohuo, na lina dirisha la kuwakumbuka mabaharia wa Uingereza waliokufa wakizuia biashara hiyo. Dirisha lile linamkumbuka baharia, si aliyeuzwa. Tulilaumu kwa hilo, na kwa sauti. Lakini lawama yenyewe inathibitisha kwamba kioo kinasema. Na kilichosema kwa mkono wa Mwingereza kinaweza kusema kwa mkono wa Mpangwa.

Imebaki hoja yake ya giza: ati kwa ukungu wetu, vioo vya rangi vitatunyima mwanga kanisani. Lakini hata London, mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Mafundi wa huko waliacha sehemu kubwa za kioo cheupe, wakazitia manjano kidogo kwa dawa ya madini ya fedha, na rangi nzito wakaziweka katikati tu. Atuonyeshe kwa nini mbinu hiyo isifae Mlangali.