Dagaa Nyuma ya Mcheza Ngoma

Vijana wa Mwanza wanafundishwa, tena kwa ada, kwamba ukitaka wateja waje kwenye tovuti yako, cheza mbele ya kamera. Napinga. Nimezitazama video za wauza dagaa wa Mwaloni, Kirumba: muziki mkubwa, viuno, miwani myeusi, na dagaa wenyewe wamesukumwa nyuma kama mgeni asiyealikwa. Bei hakuna. Kipimo hakuna.

Mnunuzi wa Kongo ana swali moja: je, dagaa hawa wana mchanga? Swali hilo halijibiwi kwa maneno, na hapo ndipo video inapolishinda tangazo la redio. Mwonyesheni wanavyoanikwa juu ya chanja, si chini. Choteni kiganja kimoja, mkung'ute juu ya karatasi nyeupe, aone kinachobaki. Dakika moja yatosha, kwani bando analipia yeye. Kisha tajeni bei ya gunia, na jina la tovuti mlitamke silabi kwa silabi, kama imla (ndiyo, imla ile ile mliyoichukia). Msitegemee kubofya tu: mwaka 2023 YouTube ilizima viungo vya kubofya katika maelezo ya video zake fupi, na hakuna muuza dagaa aliyeulizwa.

Kule ni ugenini, ndugu zangu. Tovuti ndiyo duka lenu. Lakini wapo wenye watazamaji maelfu ambao tovuti zao zina bei za mwaka juzi na namba ya simu isiyopokelewa. Hao wanamchezea nani?