Nasaha za Mwezi: Mitihani, Usaili, na Siku Zilizo Chache



Mwezi huu twataka kunena nanyi juu ya jambo liingialo katika nyumba nyingi za Mirongo kila mwaka masika yanapokwisha, wala halitoki hata mwezi wa Oktoba. Ni habari ya kijana aliyemaliza kidato cha sita, naye atafuta nafasi katika chuo kikuu. Watu wengi hudhani ya kuwa mtihani ukiisha, kazi imekwisha. Sivyo. Mtihani ukiisha ndipo kazi ya pili ianzapo, nayo ina siku chache kuliko ile ya kwanza.

Tukumbuke kidogo mambo ya kale. Mwaka 1922 kilifunguliwa chuo cha ufundi pale Makerere, Kampala, nacho kikakua hata mwaka 1949 kikafungamana na Chuo Kikuu cha London. Miaka ile Tanganyika haikuwa na chuo kikuu chake. Kijana wa pwani hii ya Ziwa aliyetaka elimu ya juu alitazama ng'ambo ya maji. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Mwaka 1937 akaenda Tabora, na mwaka 1943 akaingia Makerere. Katika kila daraja viti vilikuwa vichache, na waliovitaka walikuwa wengi. Ndipo mwezi wa Oktoba mwaka 1961 kikafunguliwa chuo Dar es Salaam, kikianza na wanafunzi wachache tu wa sheria. Leo hapa kwetu Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza mwaka 1998 kule Malimbe, na pale kilimani Bugando kuna chuo cha waganga kilichoanza mwaka 2003. Basi milango imezidi kuwa mingi. Lakini kila mlango una saa yake ya kufunguliwa na saa yake ya kufungwa.

Sasa tuzihesabu siku. Mtihani wa Baraza la Mitihani hufanywa mwezi wa Mei. Matokeo hutoka mwezi wa Julai. Baina ya hayo vijana wengi huitwa katika Jeshi la Kujenga Taifa kwa miezi mitatu, desturi iliyorudishwa mwaka 2013 baada ya kusimamishwa mwaka 1994. Kambini kijana hana nafasi ya kukaa na simu kama nyumbani. Na katika siku zizo hizo dirisha la maombi ya vyuo hufunguliwa, na dirisha la Bodi ya Mikopo nalo hufunguliwa, yote mawili kwa muda wenye mpaka. Tena yuko yule atakaye ufadhili wa kwenda nchi za nje, naye ana mtihani mwingine, na baada ya mtihani ana usaili, yaani kuulizwa maswali uso kwa uso. Angalieni, basi, mzigo alioubeba mtoto wa miaka 19!

Wahenga walisema kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Nasi twasema, fisi alishindwa kwa sababu alitaka kuzipita zote mbili kwa wakati mmoja. Mtu akizigawa siku zake, aweza kwenda njia hii leo na ile kesho. Kwa hiyo twatoa mashauri haya.

Kwanza, zijueni sheria za mwaka huu, msishike za mwaka juzi. Tangu mwaka 2010 maombi yalipitia Tume ya Vyuo Vikuu. Lakini tangu mwaka 2017 mwombaji hupeleka maombi yake kwa chuo chenyewe, na Tume husimamia. Baba aliyemwongoza mtoto wake wa kwanza kwa desturi ile asimwongoze kitinda mimba kwa desturi iyo hiyo. Jueni pia hesabu ya alama: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Aliyemaliza kidato cha sita hutakiwa awe amefaulu masomo mawili makuu, na jumla yake isipungue alama 4. Lakini hicho ni kizingiti tu. Masomo mengine yataka zaidi. Mtu asiyapime maombi yake kwa kizingiti, bali kwa somo analolitaka.

Pili, hati zitangulie mtihani. Cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule, picha, na sahihi za viongozi wa mtaa, vyote hivi havihitaji akili nyingi, vyahitaji mapema. Tazameni hasa majina. Mtoto aliyeandikwa kwa jina la babu katika cheti cha kuzaliwa, na kwa jina la baba katika cheti cha shule, atasumbuliwa kuthibitisha ya kuwa ni mtu mmoja. Kusahihisha jambo hilo mwezi wa Februari ni kazi ya kawaida; kulisahihisha mwezi wa Agosti ni mbio na machozi.

Tatu, jizoezeni mitihani kwa saa mezani. Wengi husoma sana, lakini hawajapata kuandika huku dakika zikihesabiwa. Mtihani wa SAT, utakiwao na vyuo kadha wa kadha vya Marekani, una maswali 98 kwa dakika 134. Mtihani wa UCAT, wa wale watakao uganga Uingereza, una sehemu moja ya kusoma yenye maswali 44 kwa muda wa dakika 22 hivi, yaani nusu dakika kwa swali! Pale Makerere nako, watakao kusoma sheria wamepata kufanyishwa mtihani wa kuandika kabla ya kupokelewa. Katika mitihani ya namna hii, ajuaye polepole na asiyejua huweza kutoka na alama sawasawa. Basi kijana achukue maswali ya miaka iliyopita, aweke saa, aandike, na wakati ukiisha aweke kalamu chini, hata kama jibu halijaisha. Kisha ahesabu ni wapi wakati ulipopotea.

Nne, usaili haungoji mtihani uishe. Hapa wengi huanguka. Husema, "Nitajiandaa nikiitwa." Naye aitwapo huwa amebakiwa na siku tatu. Kila jioni, baada ya chakula, kijana aulizwe na ndugu yake maswali mawili au matatu: Kwa nini wataka somo hili? Ni kazi gani uliyoifanya kwa mikono yako? Ukirudi, utawafaa nini watu wako? Ajibu kwa sauti, na kama usaili utakuwa kwa Kiingereza, ajibu kwa Kiingereza. Wala asikariri majibu kama kasuku, kwa maana mwulizaji akigeuza neno moja tu, kasuku hunyamaza. Mtoto aliyemsaidia mama kuhesabu faida na hasara ya dagaa sokoni, au aliyeona mto Mirongo ukifurika hata maji yakaingia katika nyumba za watu, ana jambo la kweli la kunena kuliko yule aliyekariri maneno makubwa. Na asipojua jibu, aseme, "Hili silijui, lakini nadhani lafaa kutazamwa hivi." Hapana aibu katika hayo. Tena, ikiwa usaili utakuwa kwa njia ya mtandao, apatafute mahali penye utulivu siku mbili kabla. Makelele ya soko hayajui kwamba leo mtoto wako ana usaili.

Tano, twashauri juma ligawanywe hivi. Asubuhi mbili zitengwe kwa ajili ya hati na maofisi, asubuhi nyingine zote ziwe za mazoezi ya mtihani, jioni iwe ya kunena. Na kila tarehe ya mwisho iliyotangazwa, ninyi andikeni yenu ukutani, siku saba nyuma yake. Mwenye mambo mengi kupita kiasi na apunguze. Nafasi tatu zilizoombwa vizuri hushinda kumi zilizoombwa kwa pupa. Mshika mbili, moja humponyoka.

Sasa sikieni habari hii. Twamjua binti mmoja aliyefaulu vizuri, akaomba vyuo viwili kwa msaada wa kijana mmoja wa kibanda cha uchapaji. Yule kijana alijaza namba yake mwenyewe ya simu, kwa kuwa binti hakuwa na simu. Vyuo vyote viwili vikampokea. Lakini aliyepokelewa mahali pawili hupaswa kuthibitisha pamoja, kwa namba ya siri ipelekwayo katika simu iliyoandikwa. Ile namba ikafika kibandani. Mwenye kibanda alikuwa amesafiri. Aliporudi, siku zilikuwa zimepita. Yule binti alipata nafasi katika awamu iliyofuata, katika somo jingine. Alikuwa ametaka uuguzi. Alama hakupungukiwa hata moja. Alipungukiwa siku nne. Kwa hiyo, wazazi, namba iandikwayo na iwe ya kwenu, na barua pepe iwe ya mtoto. Kijana aendaye kambini aache nyumbani nakala za hati zake zote, na aseme mbele ya watu wawili anataka nini kwanza na nini pili, ili mwenye kubaki asichague kwa kubahatisha.

Neno la mwisho ni letu sisi wazazi. Twapenda kumwambia mtoto, "Soma!" Kisha twamtuma maji, twamtuma sokoni, twamwachia wadogo zake, na saa nne ya usiku twashangaa kwamba analala juu ya daftari. Hasa binti ndiye atendewaye hivyo. Kazi za nyumbani hazimharibu mtoto, zamfunza. Lakini katika majuma yale machache, saa mbili zake za asubuhi na ziwe kama fedha iliyowekwa, asizichukue mtu. Kaka na achote maji. Baba na afagie ua; ua haumjui afagiaye. Wengi wetu hatuna fedha za kuwanunulia vitabu vyote, wala hatuwezi kuwafunza hesabu zao. Saa mbili twaweza kuwapa.

Basi leo, kabla ya kulala, kitoeni kile cheti cha kuzaliwa katika sanduku, mkisome jina herufi kwa herufi, mkilinganishe na cheti cha shule. Kwaherini hata mwezi ujao.