Una Digrii Lakini CPA Inakuchanganya? Soma Hii Kabla Hujalipia Darasa Lolote

Jioni kama saa moja hivi, ukishuka steji ya Nyayo Highrise utapata wasee wamezunguka mtu wa smokie wakipiga stori. Usidharau hiyo mbogi. Nusu yao wako na digrii.

Wiki iliyopita stori ilikuwa CPA. Mmoja alisema bila digrii hawakuangalii. Mwingine akakataa kabisa, akasema siku hizi digrii haina kazi, wanataka KCSE pekee. Wa tatu, mwenye alimaliza B.Com na anauza viatu Toi Market, akauliza swali moja tu: "Sasa mimi naanzia wapi?" Hakuna mtu alimjibu vizuri. Watu walikula smokie, stori ikahamia mpira.

Mimi nilinyamaza, na niko na sababu. Niliacha B.Com mwaka wa tatu, karo ikakataa. Nikaenda ofisi fulani kuuliza kama naweza kuanza CPA, nikaambiwa nirudi nikiwa na digrii. Niliamini. Sikucheki mahali pengine popote kwa miaka miwili. Kumbe manze nilikuwa nimedanganywa, na mlango ulikuwa wazi hiyo time yote.

Ndio maana leo nataka tuongelee hii kitu pole pole, ndio wewe usipoteze miaka yako kama mimi.

Neno la muhimu ni "au"

Mtihani wa CPA unasimamiwa na Kasneb, na wamekuwa kwa hiyo wera tangu 1969. Ofisi zao ziko Hospital Road, Upper Hill. Kutoka Highrise ukipita Mbagathi Hospital ukatokea Kenyatta, unafika na miguu bila kulipa mathree.

Kuingia CPA unahitaji C+ ya KCSE, AU digrii ya chuo kinachotambulika, AU uwe umemaliza kozi nyingine ya Kasneb kama diploma ya ATD. Rudi usome hilo "au" mara mbili. Si "na". Ukiwa na moja tu kati ya hizo, unasajiliwa.

Kwa hivyo yule wa kwanza pale steji alikosea, na wa pili pia alikosea. Mtu wa C+ anaweza kuanza CPA mwezi ujao bila kukanyaga chuo kikuu. Na mtu mwenye alipata C- akapanda na cheti, diploma, mpaka akafika digrii, hawezi kurudishwa nyuma kwa sababu ya hiyo C-. Digrii yake inamwingiza.

Linganisha na mawakili. Sheria ya Kenya School of Law ya 2012 ilitaja C+ ya KCSE na B ya Kiingereza ama Kiswahili, na watu wakajikuta kortini wakiwa na digrii ya sheria mkononi, wakibishana juu ya gredi walipata wakiwa na miaka 17. Mhasibu hana hiyo kesi. Hiyo ni neema, na wengi hawajui wako nayo.

Kwa nini foleni imekuwa ndefu

Mimi ni wa KCSE ya 2016, ile ya Matiang'i. Mwaka huo wenye walipata C+ kwenda juu walikuwa 88,929 nchi nzima. KCSE ya 2024 walikuwa 246,391. Hiyo ni karibu mara tatu. C+ ndio inakuingiza chuo kikuu na ndio hiyo hiyo inakuingiza CPA moja kwa moja.

Maana yake ni rahisi. Mlango ni ule ule lakini watu wenye wako na ufunguo wameongezeka. Mlango ukiwa hivyo, kuchuja kunahamia mahali pengine. Na hapo ndio mabadiliko ya ukweli yako, si kwa masharti ya kuingia.

Kilichobadilika 2021

Ukiuliza mjomba wako mwenye alifanya CPA zamani, atakuambia mambo ya Part I, II na III, seksheni sita, mapepa 18. Hiyo lugha weka kando. Mwaka wa 2021 Kasneb walileta mtaala mpya wenye ngazi tatu: Foundation, Intermediate na Advanced. Ngazi mbili za kwanza ziko na mapepa sita kila moja. Ukifika Advanced unachagua njia yako: ushuru, ukaguzi wa hesabu, ama uhasibu wa menejimenti.

Halafu kuna kitu hakikuwa zamani. Unafanya pepa la vitendo la uchambuzi wa data, kwa kompyuta. Pia kuna warsha za maadili na namna ya kufanya kazi na watu, na mafunzo ya kazi yenyewe. Kukariri pekee hakukufikishi mwisho. Mitihani nayo sasa ni mara tatu kwa mwaka: Aprili, Agosti na Desemba.

Kwa mtu wa Highrise, Kibera ama Kawangware, hilo pepa la kompyuta si kitu kidogo. Si ati hatuna akili. Ni kwamba wengi wetu laptopu ni ya kuazima, stima ikipotea mtaa mzima uko giza, na saiba inataka ganji kwa kila dakika. Karatasi ya masharti haisemi "lazima uwe na laptopu," lakini ukifika Advanced utajua hiyo ni sharti. Nasema uipangie mapema, usingoje ikupate.

Digrii yako inakusaidia na nini basi?

Kama uko na B.Com ama kitu karibu, unaweza kuomba usamehewe mapepa yenye tayari ulifanya chuo. Lakini hapa watu wanaanguka kwa mambo matatu.

Kwanza, msamaha hauji wenyewe. Unaomba, unapeleka transkripti, wanaangalia ulisoma nini hasa. Digrii mbili zenye jina moja zinaweza kutoka na majibu tofauti.

Pili, msamaha unalipiwa, kila pepa na bei yake. Kuna wasee wanadhani ni bure, wanashtuka baadaye.

Tatu, na hii ndio kubwa, kusamehewa pepa si kulijua. Kama ulipita hesabu za fedha mwaka wa kwanza kwa kubahatisha, ukirukishwa mpaka Intermediate utalia. Kuna watu wameamua kurudia pepa kwa hiari, na mimi naona wana akili.

Kupita mtihani si mwisho

Ukimaliza Kasneb bado kuna mlango mwingine, ICPAK. Hao ndio wanasajili wahasibu chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008. Ukitaka kufungua ofisi yako na kusaini ukaguzi wa kampuni, unahitaji leseni yao. Bila hiyo, wewe ni mtu amepita mtihani, basi.

Halafu kuna mlango hakuna mtu ameandika kwa sheria: mwajiri. Fungua matangazo ya kazi yoyote ya hesabu. Utaona wanataka digrii na CPA, zote mbili, pamoja na uzoefu. Kwa hivyo Kasneb wanasema "au," lakini soko linasema "na." Huo ndio ukweli unauma. Mtu mwenye CPA bila digrii amehitimu kabisa, na bado barua yake inaweza kuwekwa chini ya rundo.

Huu mvutano si wa Kenya pekee. Marekani kwa miaka mingi walitaka masaa 150 ya masomo ya chuo ndio upate leseni ya CPA, na digrii ya kawaida ni kama 120. Huo mwaka wa ziada ulikuwa unalipiwa na mwanafunzi, na vijana wakaanza kuikimbia kazi. Januari 2025, jimbo la Ohio likapitisha sheria ya njia nyingine: digrii ya kawaida, miaka miwili ya kazi, na mtihani. Majimbo mengine yakafuata. Wao wameanza kukubali kazi mahali pa darasa. Sisi sheria yetu ilikubali kitambo, bado waajiri.

Rada ni gani?

Kama uko na C+ na chuo kimekushinda ama hujaitwa, usikae ukingoja kofia ya graduation. Anza Foundation. Lipia pepa chache zenye mfuko unaweza.

Kama uko na C-, ATD ndio ngazi yako, na ukimaliza inakuingiza CPA.

Kama uko na digrii, toa transkripti kwa sanduku, peleka Hospital Road wewe mwenyewe, uulize wanakusamehe nini. Usiulize mtu wa darasa mwenye anataka ulipe kila kitu kuanzia mwanzo. Huyo anafanya biashara.

Na kama uko chuo saa hii, mwaka wa kwanza ama wa pili, fanya zote pamoja. Siku ya kumaliza uwe na hiyo "na" yenye waajiri wanataka.

Yule msee wa viatu nilimtafuta Jumamosi Toi nikamwambia haya yote. Aliniangalia akaniuliza, "Na wewe buda, C+ yako iko wapi?"

Iko kwa mathe, kwa bahasha ya kaki, pamoja na kadi yangu ya kliniki. Nimemwambia anitolee.