Magimbi chini ya michikichi

Mkulima wa Kigoma anayepanda mche wa mchikichi wa aina ya tenera husubiri miaka mitatu hivi kabla ya kuvuna chikichi. Katika kipindi hicho mahindi na maharage humlisha, kwani jua bado linafika chini. Taabu huanza majani ya michikichi yakishafunga kivuli: mihogo hurefuka mashina, mizizi ikabaki myembamba, na shamba huachiwa magugu.

Magimbi huvumilia kivuli, ingawa hayazai kama yaliyo juani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, kinachozalisha mbegu bora za michikichi, kiwapatie wakulima na vipando vya magimbi. Nao maofisa ugani wahimize yapandwe mbali na shina; jembe la mvunaji lisikate mizizi ya mchikichi.