Alama Moja, Majina Manane

Kundi la wanafunzi wanane hukusanya kazi moja na kupata alama moja. Aliyeshinda maktaba akitafuta vyanzo na aliyetuma namba yake ya usajili kwenye WhatsApp usiku wa mwisho huondoka na alama ileile.

Tumezoea kusema wanaotegea ni wavivu tu. Sikubali. Maximilien Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, aliwapima watu wakivuta kamba na kuchapisha matokeo yake mwaka 1913: kundi lilipofika watu wanane, kila mmoja alivuta kwa takribani nusu ya uwezo wake. Mwaka 1981 watafiti wa Marekani waliwataka watu wapige kelele wakiwa kundini, na kutegea huko kulitoweka pale kila mmoja alipoamini kwamba sauti yake inapimwa peke yake. Mtu hutegea pale asipoonekana, na alama ya pamoja humficha.

Ili kila mmoja aonekane, Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, kilitengeneza programu ya WebPA, ambayo wanakikundi hupimana kwayo, kisha alama ya kundi hupanda au kushuka kwa kila mmoja. Kundi likipata 60, mwenye uwiano wa 1.1 katika kupimana huko anapata 66. Ni hesabu nzuri, ila marafiki wanaolala bweni moja wanaweza kukubaliana kupeana alama za juu. Na yule aliyechapa na kupanga kazi yote (mara nyingi ni msichana) huhesabiwa karani tu.

Tuseme na lisilosemwa sana. Darasa la watu 400 likigawanywa kumi kumi, mhadhiri hubaki na kazi 40 za kusahihisha. Hapo kundi limeacha kuwa mbinu ya kufundishia. Limekuwa nafuu ya msahihishaji, na gharama yake hulipwa na mwanafunzi mwenye bidii.

Ninachokiamini zaidi ni maswali ya ana kwa ana. Kila mmoja aulizwe, kwa dakika tatu, sehemu yoyote ya kazi, hata ile ambayo hakuiandika yeye, na nusu ya alama itoke hapo. Kwa watu 400 ni saa 20. Mhadhiri na wasaidizi wawili watazimaliza kwa chini ya saa saba kila mmoja. Idara isiyoweza kuzipata saa hizo ipunguze uzito wa kazi za kundi katika alama za kozi.