Hataza za Skrini Zinazovutika: Madai Mapana Yakataliwe

Msimamo wa gazeti hili ni mmoja. Ombi lolote la hataza linalodai skrini inayovutika bila kueleza inavutika kwa njia gani, kwa kiasi gani na mara ngapi kabla haijaharibika, likataliwe. Likataliwe Alexandria zilipo ofisi za hataza za Marekani, likataliwe Munich ilipo Ofisi ya Hataza ya Ulaya, likataliwe Daejeon na Tokyo. Ukubwa wa kampuni usiwe hoja, wala umahiri wa mawakala wake, wala mfano unaowaka vizuri mbele ya kamera. Hataza ni malipo ya njia iliyobuniwa na kuelezwa hadharani. Kutamani skrini ivutike hakumpi mtu haki ya kuwazuia wengine kwa miaka 20.

Tunalisema hili sasa kwa sababu teknolojia hii imekwisha kutoka maabara. Novemba 2022 kampuni ya LG Display ya Korea Kusini ilionyesha skrini ya rangi kamili ya inchi 12 inayovutwa hadi inchi 14. Novemba 2024 ikaonyesha nyingine mjini Seoul, hii ikivutwa kutoka inchi 12 hadi 18, na ikasema inastahimili kuvutwa mara 10,000. Samsung Display ilikuwa imetangulia mwaka 2017 na skrini yake ya inchi 9.1. Zinakusudiwa kushonwa kwenye sare za wazimamoto, kubandikwa kwenye ngozi na kufunikia dashibodi za magari. Soko likinusika, maombi ya hataza humiminika, na wanaoyaandika wana kila sababu ya kujaribu kuzoa uwanja wote kwa sentensi moja. Anayesimama langoni ni mkaguzi. Asipokuwa mkali yeye, kazi hiyo itaangukia mahakama miaka kumi baadaye, kwa gharama ambayo mbunifu mdogo hawezi kuibeba.

Tuanze na kilicho ndani ya kitu chenyewe. Ukiifungua skrini ya aina hii utakuta vipande vidogo vigumu, ambavyo mafundi huviita visiwa, kila kimoja kimebeba taa zake za LED na transista za kuziwasha. Kisiwa hakivutiki. Kinachovutika ni mpira wa silikoni ulio kati ya kisiwa na kisiwa, na juu ya mpira huo hupita nyaya nyembamba zilizopindwapindwa kama nyoka anayetambaa, ili mpira ukivutwa nazo zinyooke bila kukatika. Kupinda waya ni jambo la zamani. Taabu iko ukingoni, pale waya unapotoka juu ya kisiwa kigumu na kuingia kwenye mpira laini. Mvuto wote hujazana hapo, kwenye eneo ambalo jicho haliwezi kuliona. Ufa huanza upande wa ndani wa kona ya waya, upinzani wa umeme hupanda kidogo kidogo kila skrini inapovutwa, kisha siku moja safu nzima ya taa huzimika.

Mtu aliyeutibu ufa huo tunamheshimu. Kama amepata umbo la kona linaloutawanya mvuto, au tabaka la katikati linaloshusha ugumu hatua kwa hatua kutoka kisiwani hadi kwenye mpira, akataja unene, malighafi na matokeo ya majaribio, apewe hataza yake na apewe mapema. Hatuandiki haya kumpinga mvumbuzi.

Tunachokipinga ni maandishi ya namna nyingine. Madai ya aina tunayoisema husomeka hivi: kifaa cha kuonyeshea chenye tabaka la chini linalonyumbulika, visiwa vingi vilivyotengana, na viunganishi vilivyopangwa kwa namna inayowezesha kifaa kuvutika. Maneno hayo ya mwisho hayaelezi kiunganishi chochote. Yanaeleza matokeo. Waya wa nyoka umo, wavu wa nanowaya za fedha umo, mfereji wa metali ya majimaji umo, plastiki inayopitisha umeme imo, na kiunganishi ambacho hakuna aliyekifikiria bado, nacho kimo. Mwombaji amejaribu kimoja, pengine viwili, naye anataka vyote.

Sheria ililijibu dai la namna hii zamani. Mwaka 1854 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkubalia Samuel Morse madai yake kuhusu telegrafu aliyoitengeneza, lakini ikalitupa dai lake la nane, ambalo lilitaka kumiliki matumizi yote ya nguvu ya sumaku-umeme kuandika alama kwa mbali, kwa mashine yoyote ile. Mwaka 1895 mahakama hiyo hiyo ikaibatilisha hataza ya Sawyer na Man, waliodai nyuzi zote za mimea zilizochomwa kuwa kaa kwa ajili ya taa ya umeme, ilhali kambi ya Edison ilikuwa imehangaika na maelfu ya mimea kabla ya kufika kwenye mwanzi unaofaa. Na mwaka 2023, katika kesi ya Amgen dhidi ya Sanofi, majaji wote kwa kauli moja walirudia kanuni ile ile: anayedai kundi zima la vitu lazima awe amemwezesha fundi kulitengeneza kundi zima. Kesi hiyo ilihusu kingamwili za kupunguza lehemu. Hatuoni sababu yoyote ya kuilegeza kanuni hiyo eti kwa kuwa safari hii ni mpira na taa.

Wapo mawakala watakaosema kwamba dai jembamba halimlindi mteja wao, kwa kuwa mshindani atabadilisha pinda moja ya waya na kuponyoka. Naam, aponyoke. Akiponyoka kwa kubuni pinda iliyo bora zaidi, umma umepata pinda mbili. Sheria ya hataza ilitungwa ili watu washindane kutafuta njia, na mwenye njia moja hana haki ya kuuziba mtaa.

Kuna asilimia pia, na hapa tunataka ukali wa pekee, maana ndipo wakaguzi wanapopitishiwa mambo kirahisi. Chukua tangazo lenyewe la LG Display la 2022. Skrini ilitajwa kuvutika kwa asilimia 20, lakini kutoka inchi 12 hadi 14 ni kama asilimia 17. Si lazima pawe na udanganyifu. Inchi za skrini hupimwa kutoka kona hadi kona, na skrini ikivutwa upande mmoja kwa asilimia 20, kona hazitengani kwa kiasi hicho hicho. Sasa ingiza namba hiyo kwenye hataza bila kutaja upande. Mshindani atajuaje kama amevuka mpaka? Na jambo zito zaidi: visiwa havivutiki. Kama visiwa vimechukua nusu ya urefu, skrini iliyorefuka kwa asilimia 20 imeulazimisha mpira ulio katikati kurefuka kwa asilimia 40. Ombi lisilosema ni urefu upi uliopimwa, kwa upande upi, na baada ya kuvutwa mara ngapi, halijasema kitu. Mkaguzi alirudishe siku hiyo hiyo.

Upya ni mlango mwingine ambao haulindwi ipasavyo. Fani hii si changa kama maombi yanavyojaribu kuonyesha. Mwaka 1998 kundi la George Whitesides wa Harvard lilichapisha kwamba utando wa metali ukiwekwa juu ya mpira wa silikoni uliopanuliwa kwa joto, hujikunja kuwa mawimbi mpira unapopoa. Mwaka 2006 kundi la John Rogers huko Illinois likaifanya silikoni ya fuwele, ile inayotengenezewa transista, kuwa na mawimbi, ikavutika juu ya mpira. Mwaka 2009 Tsuyoshi Sekitani na Takao Someya wa Chuo Kikuu cha Tokyo, pamoja na wenzao, wakaonyesha skrini ya taa za ogani (OLED) iliyounganishwa kwa nyaya za mpira zenye mirija ya kaboni. Mwaka 2013 kundi la Qibing Pei wa UCLA likatengeneza kifaa ambacho sehemu yenyewe inayotoa mwanga ndiyo inayovutika. Mwaka 2016 watafiti wa Cornell wakatoa ngozi ya kung'aa inayorefuka mara kadhaa ya urefu wake wa awali. Yote haya yamechapishwa kwenye majarida ya sayansi, yana tarehe, yana michoro. Mkaguzi anayetafuta kwenye hazina ya hataza peke yake, akakosa, akaandika kwamba dai ni jipya, hajafanya kazi yake.

Na dai likipita mlango wa upya, bado kuna swali la kama fundi wa kawaida wa fani hiyo angelifikia mwenyewe. Kesi ya KSR ya 2007 katika Mahakama ya Juu ya Marekani, iliyohusu kanyagio la gari na kitambuzi cha umeme, ilifundisha kwamba kuunganisha vitu vinavyojulikana, kwa njia zinazojulikana, vikatoa matokeo yaliyotarajiwa, mara nyingi hakustahili hataza. Kuziondoa taa za ogani kwenye visiwa na kuweka LED ndogo mahali pake, peke yake, kuhesabiwe hivyo. Mwombaji akisema LED ndogo zilileta shida mpya ya joto au ya kung'oka, akaitatua, adai utatuzi huo.

Hatumlaumu mkaguzi mmoja mmoja. Michael Frakes na Melissa Wasserman, waliochunguza kwa kina kazi ya ofisi ya Marekani, walikuta mkaguzi hupewa wastani wa saa 19 hivi kwa ombi zima: kulisoma, kupekua yaliyotangulia, kuandika sababu za kukataa, na kujibizana na wakala. Walikuta pia kwamba mkaguzi akipanda cheo hupunguziwa muda, na muda ukipungua hataza hutolewa kwa wepesi zaidi. Mwombaji kwa upande wake hachoki. Akiandikiwa kukataliwa kwa mara ya mwisho, analipa ada na ukaguzi unaanza tena. Mtu mwenye saa 19 anapambana na mtu asiye na kikomo. Wakuu wa ofisi hizo wanalijua hili, na ni wajibu wao kuongeza muda kwa maombi yanayochanganya fizikia ya mpira, kemia ya plastiki na saketi za umeme katika faili moja. Wasipofanya hivyo, lawama ni yao.

Kuna fedha za umma humu vilevile. Skrini za LG zilizotajwa hapo juu ni matunda ya mradi wa taifa wa Korea Kusini ulioanza 2020 chini ya wizara yenye dhamana ya viwanda. Sehemu kubwa ya sayansi ya msingi ilifanywa na vyuo vikuu. Raia aliyekwisha kulipia utafiti hapaswi kufungiwa nje ya matokeo yake kwa dai lililoandikwa kwa ulegevu.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam asidhani mambo haya yako mbali naye. Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda ni wanachama wa ARIPO, shirika la haki miliki la kanda ya Afrika lenye makao yake Harare, na chini ya Itifaki ya Harare ya 1982 ombi moja linaweza kuzitaja nchi zote hizo. ARIPO ikishakagua, nchi iliyotajwa ina miezi 6 ya kutamka kwamba hataza hiyo haitakuwa na nguvu ndani ya mipaka yake. Ikikaa kimya, hataza inaingia. Ofisi zenye wakaguzi wachache huegemea ripoti za ofisi kubwa, hivyo kosa la Munich au Alexandria linaweza kutua kwetu likiwa na mhuri. Kijana wa chuo anayetengeneza bandeji yenye taa za kuonyesha mapigo ya moyo atakuta njia imefungwa na maneno ambayo hayakupaswa kuruhusiwa tangu mwanzo. Ofisi za taifa ziitumie miezi hiyo 6. Tunataka kuona majibu yaliyoandikwa.

Wanasayansi nao wana deni. Kifungu cha 115 cha Mkataba wa Hataza wa Ulaya kinamruhusu mtu yeyote kupeleka maoni yake kuhusu ombi lililochapishwa, bila ada na bila wakili. Marekani nayo, tangu Septemba 2012, hupokea machapisho kutoka kwa watu wa nje kabla hataza haijatolewa. Ulaya, hataza ikishatolewa, milango ya pingamizi hubaki wazi kwa miezi 9 tu. Maabara za Tokyo, Illinois, Los Angeles na Cornell zina watu ambao wakiliona dai la waya uliopindwa juu ya mpira wanajua papo hapo nani alilichapisha kwanza na katika mchoro wa ngapi. Barua ya kurasa mbili yenye jina la jarida, tarehe na mchoro huo inampa mkaguzi msingi wa kukataa ambao saa zake 19 hazikumruhusu kuutafuta. Waziandike barua hizo, na waziwahishe ombi likiwa bado mezani.