Dawa ya kisukari isiwe ya kubahatisha

Juma lililopita nilisimama katika duka moja la dawa mtaani Munyaka, mjini Eldoret, nikingoja zamu yangu. Mbele yangu alikuwako kijana mmoja mtanashati aliyekuwa akiulizia ile sindano mpya ya kisukari ambayo amesikia kwamba hupunguza unene. Kwa kauli yake mwenyewe, kijana huyo haugui kisukari. Mwenye duka alimjibu kwamba dawa hiyo hana, na hata kama angekuwa nayo, bei yake haiwiani na mifuko ya wakazi wa mtaa huo.

Kijana alipoondoka, alisogea mama mmoja wa makamo, akatoa noti iliyokunjwa kwenye leso na kuomba vidonge kumi vya metformini. Kumi tu, vya siku tano. Mwenye duka alipomkumbusha kuwa daktari alimwandikia vya mwezi mzima, mama alijibu kwa upole, "Hivyo vingine nitavijia, Mungu akipenda."

Mpenzi msomaji, katika watu hao wawili nililiona soko zima la dawa za kisukari lilivyo. Kijana anaitamani dawa ambayo kampuni kubwa zina hamu ya kuiuza. Mama anaihitaji dawa ambayo hakuna kampuni inayoipigia debe, kwa maana faida yake ni haba. Je, soko hili linaelekea wapi, na mama huyo atakuwa na nafasi gani ndani yake?

Tuanze na ukubwa wa tatizo lenyewe. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kwamba mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu, na kwamba ifikapo mwaka 2050 watakuwa milioni 853. Katika eneo la Afrika, idadi inatarajiwa kupanda kutoka takriban milioni 25 hadi milioni 60 katika muda uo huo. Hapa Kenya, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu watu wazima 9 katika kila 10 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari ya damu maishani mwao. Maana yake ni kwamba wengi wanaugua bila kujua, na hugundua tu macho yanapofifia au kidonda cha mguu kinapokataa kupona.

Dawa zenyewe tunaweza kuzigawa, kwa ufupi, katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni vidonge vya zamani, na kinara wake ni metformini. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuwatibu wagonjwa kwa dawa hii mwaka 1957. Hataza yake, yaani haki ya mvumbuzi ya kuwazuia wengine kuunda kitu chake kwa muda maalumu, ilikwisha zamani. Viwanda vingi huiunda, hususan vya India, na ndiyo sababu bei yake ni nafuu.

Kundi la pili ni insulini. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake haliizalishi, hawezi kuishi bila dawa hii. Iligunduliwa mjini Toronto, Kanada, mwaka 1921. Mnamo Januari 1923, wale walioandikishwa katika hataza waliiuzia chuo kikuu cha mji huo haki zao kwa dola 1 kila mmoja, wakitaka dawa hiyo isihodhiwe na mtu. Ajabu ni kwamba, miaka mia moja baadaye, sehemu kubwa ya soko la insulini duniani, takriban asilimia 90, imo mikononi mwa kampuni tatu pekee: Novo Nordisk ya Denmark, Eli Lilly ya Marekani na Sanofi ya Ufaransa.

Kundi la tatu ni dawa mpya zinazoiga homoni za utumbo. Homoni hizo huliamrisha kongosho litoe insulini baada ya mlo na kumfanya mtu ahisi ameshiba. Semaglutidi, inayouzwa kwa jina Ozempic, iliidhinishwa Marekani mwaka 2017. Tirzepatidi, inayouzwa kwa jina Mounjaro, ilifuata mwaka 2022. Dawa hizi si za mzaha. Zimethibitishwa kushusha sukari, kupunguza uzani na, kwa baadhi ya wagonjwa, kulinda moyo na figo. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani lilizitia katika orodha yake ya dawa muhimu mnamo Septemba 2025.

Hata hivyo, fedha zina mahali zinapokimbilia. Mwaka 2023 thamani ya Novo Nordisk katika soko la hisa ilizidi pato la taifa la Denmark yenyewe. Mnamo Novemba 2025 thamani ya Eli Lilly ilifika dola trilioni 1. Utajiri huo haukutokana na mama wa vidonge kumi. Ulitokana kwa sehemu kubwa na watu wa nchi tajiri wanaotaka kupunguza uzani, ambao miongoni mwao wamo wengi wasio na kisukari kamwe.

Mwenye kiwanda ana mashine na wafanyakazi wenye kikomo. Akiona sindano moja inamletea faida mara nyingi kuliko nyingine, ataielekeza mitambo yake huko. Mwaka 2024 wagonjwa wa hospitali za umma za Afrika Kusini walilionja jambo hili. Novo Nordisk haikuendelea na mkataba wa kuiuzia serikali kalamu za insulini ya kawaida, na wagonjwa wengi wakalazimika kurudia chupa na sindano. Ng'ombe akikauka maziwa, mchungaji humsahau malishoni.

Nisije nikadhaniwa ninazionea kampuni hizi, inafaa niseme pia mema yao. Tangu mwaka 2012 upo mpango hapa Kenya, ulioanzishwa na Novo Nordisk pamoja na serikali na mashirika ya kidini, ambao uliwezesha chupa ya insulini ya kawaida kuuzwa kwa shilingi 500 katika vituo vilivyoshiriki. Aidha, Septemba 2023 kampuni hiyo ilitangaza makubaliano na Aspen ya Afrika Kusini ili insulini ya Afrika itengenezwe barani humu. Hayo ni ya kushukuriwa. Lakini fadhila si haki. Aliyekupa kwa hiari yake anaweza kuacha kukupa kwa hiari iyo hiyo.

Na hata hizo shilingi 500 tuzipigie hesabu, kama tufanyavyo darasani. Chupa ya mililita 10 ina yuniti 1,000. Mgonjwa anayetumia yuniti 40 kwa siku huimaliza kwa siku 25. Kwa mwaka atahitaji chupa 15, ambazo ni shilingi 7,500. Hapo hatujahesabu sindano, vibanzi vya kupimia sukari, wala nauli ya matatu hadi kliniki. Kwa kibarua ambaye leo ana kazi na kesho hana, jumla hiyo si mchezo.

Je, tukate tamaa? La hasha. Eldoret ni mji uliokwisha kushuhudia kwa macho yake jinsi bei ya dawa inavyoweza kuporomoka. Karibu na mwaka 2000, dawa za kupunguza makali ya Ukimwi ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Mnamo Februari 2001, kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kuwa ingeziuza kwa dola 350. Mwaka uo huo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani iliyofungua mlango wa dawa za bei nafuu. Na ni mwaka uo huo ambapo Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana walianzisha mpango wa AMPATH ambao umewatibu maelfu kwa maelfu. Ushindani, sheria na utaratibu wa kuzifikisha dawa kwa wagonjwa vilikutana, na watu waliokuwa wakingojea kifo wakarudi mashambani na madarasani.

Fursa kama hiyo sasa inabisha hodi. Mwaka 2026 ndio mwaka wa kumalizika kwa hataza kuu ya semaglutidi katika nchi kadhaa zenye viwanda vikubwa vya dawa, India na China zikiwamo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulikadiria kwamba semaglutidi ya mwezi mmoja inaweza kutengenezwa na kuuzwa kwa faida kwa chini ya dola 5, wakati ambapo bei ya orodha ya Ozempic nchini Marekani ilikuwa zaidi ya dola 900. Pengo hilo ni kubwa mno kulielezea kwa gharama ya utafiti peke yake.

Lakini bei haishuki yenyewe kama mvua. Kwanza, Bodi ya Dawa na Sumu haina budi kuzikagua na kuzisajili dawa hizo bila kukawia, na kuwaandama walanguzi. Tahadhari iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani mnamo Juni 2024 kuhusu Ozempic bandia iliyokamatwa katika nchi tatu, zikiwamo Marekani na Uingereza, ni onyo tosha kwetu. Pili, serikali inunue kwa pamoja kupitia KEMSA, kwani anayenunua kwa wingi ndiye anayesikilizwa na muuzaji. Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, dawa mpya zisitufanye tuzisahau za zamani. Hospitali itakayojivunia sindano ya kisasa ilhali rafu ya metformini na insulini ni tupu itakuwa imejipamba kwa shanga huku mwili ukiwa uchi.

Hapa pia Eldoret ina la kufunza. Tangu mwaka 2011 AMPATH imekuwa ikiendesha maduka ya dawa ya mfuko mzunguko katika vituo vya afya vya magharibi mwa Kenya. Dawa za serikali zikiisha, mgonjwa hununua pale pale kwa bei nafuu, na fedha hizo hununua shehena inayofuata. Vilevile, kisingizio kwamba asiye na jokofu hafai kupewa insulini ya kwenda nayo nyumbani kimepungua nguvu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021, uliotegemea vipimo vya joto kutoka kambi ya Dadaab, ulionyesha kwamba insulini hubaki na nguvu yake kwa majuma manne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37.

Wapo watakaosema kwamba serikali haina fedha. Mimi nauliza, kumkata mgonjwa mguu ni bure? Kumsafisha damu kwa mashine mara mbili kila juma, miaka nenda miaka rudi, ni bure? Anayekataa kununua vidonge leo atanunua mashine kesho, na kwa bei maradufu.

Nawaomba walimu walifikishe somo hili darasani, katika hesabu, bayolojia na hata insha. Nanyi wanafunzi waulizeni wazazi wenu kama wamewahi kupimwa sukari, na waulizeni wawakilishi wenu ni siku ngapi za mwaka ambazo zahanati ya mtaani hukaa bila metformini. Katika lugha ya Kikuyu, Munyaka maana yake ni bahati. Ni jina zuri la mtaa. Lakini mama niliyemwona dukani hapaswi kuitegemea bahati ili apate vidonge vyake vya siku ya sita.